Tabibu wa Kurgan Aliyeotesha Mifupa

Msomaji mpendwa, leo nimechagua kukusimulia maisha ya tabibu mmoja ambaye jina lake halitajwi sana katika baraza zetu, lakini chombo chake huenda umepata kukiona. Ni zile pete za chuma zinazouzunguka mguu wa mgonjwa kwa nje, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa kwa vyuma virefu vyenye nati, na nyaya nyembamba kama spoki za baiskeli zimepita ndani ya nyama na mfupa na kutokea upande wa pili. Mtu akimwona mgonjwa huyo mara ya kwanza humwonea huruma na kusema huyu anateswa. Kumbe ndani ya pete hizo kuna kazi ya ajabu inayofanyika, nayo ni kuota kwa mfupa mpya. Aliyeivumbua kazi hiyo ni Gavriil Abramovich Ilizarov, daktari wa vijijini huko Siberia, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki dunia mwaka 1992.

Nimeona niandike habari zake kwa kuwa mara nyingi nimeulizwa na wazazi, hasa wale ambao watoto wao wamezaliwa na mguu mmoja mfupi au wamevunjika na kuungwa vibaya, kama ni kweli kwamba siku hizi kuna dawa ya kuukuza mfupa upesi, mtu akaepukana na zile pete. Swali hilo ni la haki, na mzazi anayeuliza ana uchungu wake. Lakini jawabu lake halieleweki vyema mpaka kwanza tumjue mtu huyu na tujue aliona nini.

MTOTO WA MILIMANI

Ilizarov alizaliwa tarehe 15 Juni 1921 huko Białowieża, mahali palipo Poland. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto sita. Baba yake alitokana na Wayahudi wa milima ya Caucasus, na Gavriil akiwa bado mdogo jamaa wote walirudi katika milima hiyo, wakakaa Kusary, mji mdogo wa Azerbaijan ulio karibu na mpaka wa Dagestan. Wenyeji wa Kusary walio wengi ni Walezgi, nao ni Waislamu. Kwa hivyo mtoto huyu alikulia katika mji wenye adhana na ujirani wa Kiislamu.

Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Yule kifungua mimba alifanya kazi kabla ya kusoma, na hakuingia skuli mpaka alipopita umri wa miaka kumi. Lakini alipoingia alikwenda mbio akawapata wenziwe. Husimuliwa kuwa akiwa mtoto alipata kula matunda yaliyokuwa na dawa ya kuulia wadudu, akaugua sana, na mganga wa serikali aliyemwokoa alimpendeza hata akaazimia kuwa tabibu yeye mwenyewe.

Alianza masomo ya utabibu Buynaksk, katika Dagestan. Hii ndiyo nchi ya Imam Shamil, yule aliyepigana na majeshi ya mfalme wa Urusi hadi alipokamatwa mwaka 1859, na akafia Madina mwaka 1871. Kutoka huko Ilizarov alikwenda Simferopol katika Crimea kuingia chuo cha udaktari. Vita Vikuu vya Pili vilipofika kwao, chuo kizima kilihamishwa mbali mashariki, hadi Kyzylorda katika Kazakhstan, na huko ndiko alikohitimu mwaka 1944.

DAKTARI WA PEKE YAKE

Vijana waliohitimu wakati ule hawakuulizwa wanapenda kwenda wapi. Ilizarov alipelekwa Siberia ya magharibi, katika jimbo la Kurgan, kijiji cha Dolgovka. Hakuwa na umri wa miaka 25, hakuwa na mwalimu wa kumwuliza, na vyombo vilikuwa haba. Aliwazalisha wanawake, aliwatibu watoto homa, aliwapasua wenye matumbo. Na juu ya yote hayo walikuwapo wale waliorudi kutoka vitani, watu waliopigwa risasi na vipande vya mabomu. Mifupa yao ilikuwa imevunjika isiunge, au imeunga kombo, au imeingia usaha usiokauka miaka na miaka.

Dawa ya wakati ule ilikuwa ni ganda la plasta. Mgonjwa hufungwa kutoka kiunoni hadi kidoleni, akalazwa miezi, na plasta inapofunguliwa mguu umekonda, viungo vimekakamaa, na mara nyingine mfupa wenyewe bado haujaungana. Sisi wa pwani tunawajua waunga mifupa wetu, nami mwenyewe nimekua nikiwaona wakifunga mabanzi kwa ustadi mkubwa. Banzi na plasta ni ndugu, kwani kazi ya vyote viwili ni kuushika mfupa usicheze. Lakini mfupa uliopungua urefu, banzi haliwezi kuurefusha, wala plasta haiwezi.

Ilizarov alikaa akifikiri ni vipi mfupa utashikwa barabara huku mgonjwa akiweza kusimama na kutembea. Husimuliwa kwamba fikra ilimjia alipoutazama upinde wa mti unaofungwa juu ya shingo ya farasi wa gari, jinsi unavyoishika mikono miwili ya gari pamoja isipanuke wala isibane. Akaunda pete mbili za chuma, akapitisha spoki mbili zilizokatana kama msalaba katika kila upande wa mfupa uliovunjika, akazivuta spoki hizo mpaka zikawaka kama nyuzi za kinanda, akazifunga katika pete, kisha pete akaziunganisha kwa vyuma vyenye nati. Mwaka 1952 alipeleka maombi ya hati ya uvumbuzi, na mwaka 1954 akapewa.

NATI ILIYOZUNGUSHWA KINYUME

Hapo mwanzo nia yake ilikuwa ni kubana tu. Aliamini kuwa ncha mbili za mfupa zikibanwa pamoja kwa nguvu ya kadiri zitaungana upesi, na kweli ziliungana. Mgonjwa alipewa spana ndogo na kuelekezwa jinsi ya kuzungusha nati kidogo kidogo.

Hapa ndipo panapokuja kisa ambacho wanafunzi wake walikisimulia kwa miaka mingi. Inasemekana mgonjwa mmoja alizizungusha nati kinyume. Badala ya kubana, pete zikaachana polepole, na ncha za mfupa zikaachana nazo. Daktari alipoitazama picha ya eksirei alitaraji kuona pengo tupu. Aliona katika pengo lile kivuli cha mfupa mchanga unaojengeka, umejipanga kwa nyuzi zinazoelekea kule kule mguu ulikokuwa ukivutwa.

Wengi wangelirudisha nati mahali pake, wakamkemea mgonjwa, na mambo yakaisha. Ilizarov aliuliza kwa nini. Kwa miaka mingi alifanya majaribio juu ya mbwa, akibadilisha jambo moja baada ya jingine, na akatoka na kanuni ambazo hata leo zinafuatwa. Nitazieleza kwa ufupi, kwani ndizo roho ya habari hii.

Kwanza, mfupa ukatwe kwa upole. Likatwe gamba lake gumu, na uboho wa ndani pamoja na ngozi nyembamba inayoufunika mfupa kwa nje viharibiwe kidogo iwezekanavyo, kwani humo ndimo mna damu na mbegu ya mfupa mpya. Pili, baada ya kukata usivute mara moja. Ngoja siku 5 hadi 7 mwili uanze kazi yake ya kuponya. Tatu, vuta milimita 1 tu kwa siku, na hiyo milimita igawe mara nne, yaani robo milimita kila baada ya saa sita. Ukivuta nusu milimita kwa siku, mfupa huwahi kuungana kabla hujapata urefu unaoutaka. Ukivuta milimita 2, mfupa hushindwa kuota, na mishipa ya damu na ya fahamu huumia. Nne, mgonjwa asilale. Asimame, atembee, aukanyagie mguu wake kadiri awezavyo.

Si kwamba hapakuwa na waliojaribu kurefusha miguu kabla yake. Alessandro Codivilla wa Bologna, Italia, aliandika juu ya kazi hiyo tangu mwaka 1905. Lakini wale wa mwanzo walivuta kwa nguvu nyingi na kwa haraka, na madhara yalikuwa makubwa. Tofauti ya Ilizarov ilikuwa ni kujua mwendo ambao mwili unaukubali, na kutouzidi.

KUDHARAULIWA NA KUKUBALIWA

Sasa ungedhani, msomaji, kuwa mtu aliyepata jambo kama hili alibebwa juu juu. La. Kurgan ni mbali na Moscow, na mabingwa wa mji mkuu hawakuwa tayari kufundishwa na daktari wa mashambani. Wako waliomwita fundi wa vyuma. Mwanamgambo asiye na cheo hata aseme kweli husikilizwa kwa sikio moja, na Ilizarov alisikilizwa hivyo kwa karibu miaka 15.

Mwaka 1968 mambo mawili yakaligeuza jahazi. Alikwenda Perm kutetea tasnifu yake ya shahada ya chini, na waliomsikiliza wakaona kazi yake imezidi kiwango kile, wakampa shahada ya udaktari wa sayansi papo hapo. Na mwaka huo huo akaja kwake Valery Brumel.

Brumel alikuwa bingwa wa kuruka juu, aliyeruka mita 2.28 mwaka 1963 na kupata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1965 alipata ajali ya pikipiki na mguu wake wa kulia ukasagika. Alipasuliwa mara nyingi, mfupa ukakataa kuungana, na mguu ukawa mfupi. Ilizarov akamtia pete zake, na Brumel akapona. Hakuurudia ubingwa, lakini aliruka tena zaidi ya mita 2, na nchi nzima ikauliza ni nani huyu tabibu wa Kurgan. Mwaka 1970 akaja hata mtunzi mkuu wa muziki Dmitri Shostakovich kutafuta nguvu za mkono wake. Mwaka 1971 Ilizarov akafunguliwa taasisi yake mwenyewe mjini Kurgan, naye aliiongoza kwa miaka ishirini.

Nje ya Muungano wa Kisovieti, hata hivyo, bado hakujulikana, na hapa habari yetu inaigusa bahari hii yetu. Mwitalia Carlo Mauri, mpanda milima mashuhuri, alivunjika mguu mwaka 1961, na mfupa haukupona sawasawa kwa karibu miaka ishirini. Mauri huyu alikuwa baharia wa Thor Heyerdahl, yule Mnorwe aliyejenga vyombo vya mafunjo na matete ili aonyeshe jinsi watu wa kale walivyosafiri. Walikwenda pamoja katika safari za Ra, na baadaye katika chombo kilichoitwa Tigris, kilichotoka Iraq mwishoni mwa mwaka 1977, kikapita Bahrain na Muscat, kikafika upande wa Pakistan, kisha kikavuka hadi Djibouti, ambako Heyerdahl alikichoma moto mwezi Aprili 1978 kulalamikia vita vya eneo lile. Daktari wa safari hizo alikuwa Mrusi, Yuri Senkevich, naye ndiye aliyemwelekeza Mauri kwa Ilizarov.

Mauri alikwenda Kurgan mwaka 1980, akapona, na madaktari wa kwao waliomtazama hawakuamini macho yao. Mwaka uliofuata wakamwalika Ilizarov Bellagio, kando ya ziwa Como. Mtu aliyekuwa na miaka 60, ambaye Ulaya ya magharibi haikumjua, akasimama mbele ya mabingwa na kuwaonyesha picha za miguu iliyorefushwa na mapengo ya mifupa yaliyojaa. Walisimama wakampigia makofi. Kutoka Italia ujuzi ule ukaenea Ulaya, Marekani na dunia nzima.

NA DAWA YA KUOTESHA MFUPA?

Sasa nirudi kwa wazazi wanaouliza. Wakati Ilizarov akizungusha nati Siberia, huko Los Angeles alikuwako tabibu mwingine, Marshall Urist, aliyeishi toka mwaka 1914 hadi 2001. Yeye alichukua vipande vya mfupa akaviondoa chokaa kwa asidi, kisha akavipandikiza ndani ya msuli wa sungura, mahali pasipo na mfupa kabisa. Mfupa ukaota ndani ya nyama. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1965. Akasema katika mfupa mna kitu kinachoziamuru chembe za mwili zigeuke kuwa za mfupa, na baadaye akakiita protini ya kuumba mfupa. Mwaka 1988 wataalamu wakafaulu kuzijua asili za protini hizo, na tangu hapo zikaweza kutengenezwa kiwandani. Hizi ni katika vitu vinavyoitwa vichocheo vya ukuaji.

Ndipo njia za watu wawili hawa zikakutana. Wachunguzi walipotazama ndani ya pengo la mfupa wa panya unaovutwa kwa kanuni ya Ilizarov, walikuta protini za Urist zimejaa tele, pamoja na vichocheo vya kuotesha mishipa ya damu. Mvuto ukikoma, nazo hupungua. Maana yake ni kwamba kule kuvuta taratibu kunauamuru mwili ujitengenezee dawa yake. Ile robo milimita ya kila saa sita ni kama dozi, na duka la dawa liko ndani ya mguu wenyewe.

Basi kwa nini tusiongeze dawa kutoka nje? Sababu ya kutamani hivyo ipo. Kuvuta sentimita 5 huchukua siku 50, lakini kazi haijaisha hapo, kwani mfupa mchanga ni laini na lazima pete zibaki mpaka ugumu. Kwa hesabu ya kawaida mgonjwa hukaa na chombo mwezi mmoja na zaidi kwa kila sentimita aliyoongezewa. Miezi yote hiyo kila tundu la spoki ni mlango wa usaha, mtoto anakosa skuli, na mzazi anakosa usingizi. Dawa ya kupunguza hata theluthi ya muda huo ingekuwa rehema kubwa.

Katika wanyama, protini hizo zikitiwa ndani ya pengo zimeonekana kuharakisha kugumu kwa mfupa. Kwa binadamu, Marekani iliruhusu moja yao itumike katika upasuaji wa uti wa mgongo mwaka 2002, na katika muundi uliovunjika na kuchomoza nje mwaka 2004. Lakini kazi ya kurefusha miguu haijapata dawa ya namna hiyo iliyokubaliwa kuwa matibabu ya kawaida. Damu huizoa dawa upesi, kwa hivyo hulazimu iwekwe katika kitu kama sifongo na kwa kiasi kikubwa mno kuliko kile ambacho mwili hujitolea. Kiasi hicho kina hatari zake. Mwaka 2008 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo baada ya wagonjwa waliotiwa shingoni kupata uvimbe wa kuziba njia ya hewa. Na bei yake ni ya juu sana. Wengine hutumia maji yatokanayo na damu ya mgonjwa mwenyewe iliyozungushwa katika mashine, lakini matokeo yake hayajawafikisha mabingwa kwenye neno moja.

Kwa hivyo jawabu langu kwa mzazi ni hili. Utafiti upo na una matumaini, lakini anayekuahidi leo sindano ya kukuza mguu bila kukata, bila kuvuta na bila kungoja, huyo anauza maneno. Hata vyuma vipya vinavyotiwa ndani ya uboho wa mfupa na kurefushwa kwa sumaku kutoka nje, vilivyowaondolea wengi adha ya pete, bado vinakwenda kwa mwendo ule ule wa milimita 1 kwa siku. Chombo kimebadilika, kanuni haikubadilika. Muulize daktari wako mambo matatu: ni nani atakayetusaidia kusafisha matundu ya spoki, ni nani atakayemfanyisha mtoto mazoezi ya viungo, na tutapigwa eksirei kila baada ya muda gani. Akikujibu vizuri hayo matatu, umefika kwa anayeijua kazi. Na mgonjwa mtu mzima aache sigara, kwani moshi huchelewesha kuunga kwa mfupa.

Wako pia siku hizi vijana wenye miguu mizima wanaoifanya kazi hii ili waongeze kimo tu. Uhalali wake nawaachia masheikh. Langu ni kukumbusha kuwa Ilizarov aliianza kazi hii kwa ajili ya mtu ambaye hakuweza kusimama juu ya miguu yake miwili, na maumivu na hatari zake ni zile zile kwa mwenye haja na asiye na haja.

Wanaomkumbuka Ilizarov humweleza kuwa mtu aliyependa sana michezo ya kiinimacho, akiwachekesha wagonjwa wadogo kwa kuvifanya vitu vipotee na kutokea tena mkononi. Katika tiba yake, lakini, hakuficha kitu chini ya kitambaa. Alipima, akaandika, akarudia. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 24 Julai 1992, mjini Kurgan, mji ule ule wa mbali alikokataa kuondoka hata alipokuwa mashuhuri. Taasisi aliyoianzisha inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Methali yetu yasema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Ilizarov kilijazwa kwa robo milimita, mara nne kwa siku, na watu wasiohesabika wanatembea kwa sababu yake.